Neno Aliloniomba Mama Petro Nilirudishe

Mjukuu wangu Agnesi amepata kazi ya ukalimani mahakamani, yeye na wenzake wawili watatu. Juzi walinijia hapa Unyambwa na soda na biskuti, wakisema wanataka kuchota hekima kwa mzee. Nikawauliza, hiyo kazi mnaionaje? Kijana mmoja mwenye suruali ya kubana akanijibu, "Rahisi tu, babu. Ni kusema kile alichosema mwingine." Kusema tu! Fimbo ilikuwa karibu, lakini soda yake nilikuwa nimeshaifungua, nikaona haya. Basi nawaandikia, maana nikiongea mnachungulia simu.

Mimi Kaspari nimekuwa mkalimani wa mahakama hapa Singida tangu miaka ya mwanzo ya uhuru mpaka masikio yaliponichoka. Kinyaturu nilikinyonya. Kiswahili nilikipata shule ya misheni. Kiingereza nilitandikwa viboko mpaka kikaingia. Wakati huo wazee wetu, na hasa kina mama, Kiswahili chao kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Jaji wa Mahakama Kuu akija kusikiliza kesi kubwa anasema Kiingereza, mshtakiwa anasema Kinyaturu, na katikati nimesimama mimi na koti langu la kuazima.

Aliyenifundisha ni Mzee Saidi, mtu wa Manyoni, Mwislamu wa swala tano, aliyekuwa mkalimani tangu kwa Mwingereza. Huyo alikuwa na masharti kuliko bibi harusi. Usile karanga asubuhi ya kesi, zitakukaa kooni. Simama upande wa sikio lako zuri. Mtu akiongea mfululizo mwinulie kidole atue, usimkatize kwa mdomo. Usimtazame mama wa mshtakiwa hata dari ikianguka. Na sharti kubwa kuliko yote: usiseme "anasema." Sema "mimi."

Hilo la mwisho lilinipa taabu. Katika siku zangu za kwanza aliletwa mzee mmoja wa kesi ya mbuzi, mkali kama pilipili, akamgeukia hakimu akamtukana. Nikaanza, "Mheshimiwa, anasema kwamba wewe..." Mzee Saidi alikuwa nyuma yangu, akanifinya mbavu. Nikajikaza, nikamtazama hakimu usoni, nikasema kwa sauti, "Wewe hakimu ni punda, na baba yako alikuwa punda." Askari akanishika bega. Hakimu alinikodolea macho mpaka jasho likanitoka miguuni. Mchana Mzee Saidi alicheka hadi akafuta machozi kwa kilemba chake. Akaniambia, "Leo umekuwa mkalimani. Ukisema 'anasema' unajiweka pembeni. Mkalimani hana pembeni." Nilicheka naye. Sikujua bado uzito wa maneno yale.

Sasa niwaambie ya Petro.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Watu waliozoea kukaa mbalimbali, kila mtu na zizi lake na shamba lake, wakapangwa kwa mistari, mlango kwa mlango. Upande wa Sepuka, Petro akajikuta jirani na Daudi. Wote wawili Wakatoliki, wote vijana wenye watoto, walibatizwa kisima kimoja. Ng'ombe wa Daudi waliingia kwenye uwele wa Petro mara ya kwanza, wakasuluhishwa. Wakaingia tena. Siku moja Daudi alikuwa ameinama anafunga kamba ya ndama, Petro akatokea nyuma na mpini wa jembe. Daudi hakuinuka tena.

Mama yake Petro ni wa ukoo wa mama yangu. Kwa hesabu za kwetu mimi ni mtoto wake, na Petro ni mdogo wangu. Nilikwenda kwa karani mkuu nikamwomba nisitumike kwenye ile kesi. Akaniuliza, "Una Mnyaturu mwingine anayejua Kiingereza cha Mahakama Kuu?" Hakuwepo. Mzee Saidi alikuwa amestaafu, tena Kinyaturu chake kilikuwa cha kubahatisha. Nikala ugali wangu mkavu, bila karanga, nikaenda kusimama.

Hapa msikilize vizuri, kwa sababu kosa alilofanya Petro asingelifanya mtu wa mahali pengine. Petro alikuwa ameshaungama kwa padri. Alipiga magoti, akasema yote, akaondolewa dhambi, akapewa malipizi. Alipoingia mahakamani akamwona jaji kavaa joho jekundu kama la sikukuu ya mashahidi, watu wote wanamwinamia, na yeye kawekwa ndani ya kizimba cha mbao kama kile cha maungamo. Akaamua kwamba mambo ni yale yale. Wakili aliyepewa na serikali alimwekea swali kwa upole, amfungulie njia: je, ulikuwa na hasira tu, hukukusudia? Petro akajibu akiwa amefumba mikono, "Nilikusudia. Nilimpiga nikitaka afe. Nasikitika kwa moyo wangu wote."

Wakili akanitazama. Macho yake yaliniomba nililainishe lile jibu. Mtu anayeua kwa hasira ya ghafla hafungwi kitanzi, anafungwa jela, siku moja atatoka. Nilikuwa na neno la Kiingereza linaloweza kupita katikati, na hakuna mtu mle ndani angejua. Lakini Petro mwenyewe alikuwa ananitazama, amejua nitasema alichosema. Nikasema, kwa Kiingereza, "Nilikusudia. Nilimpiga nikitaka afe." Nilikuwa mimi na mpini wa jembe mkononi. Sina cha kuongeza hapo.

Petro akashusha pumzi. Ningewaonyesha ule uso wake! Alikuwa anangoja malipizi.

Jaji hakuwa mtu mbaya. Aliwauliza wazee wa baraza maoni yao, akaandika sana, akasoma kwa sauti ndogo. Sheria ya kuua kwa kukusudia ilikuwa na adhabu moja tu, hakuwa na pa kuchagua. Alipomaliza, watu wote wa Sepuka walikuwa wananitazama mimi, maana yeye hawakumsikia hata neno. Nikageuka kwa Petro. Nikasema kwa Kinyaturu, kwa sauti yangu hii hii, "Ninakuhukumu unyongwe kwa kamba mpaka ufe. Mungu airehemu roho yako." Kisha nikavunja sharti la Mzee Saidi. Nikamtazama mama. Alikuwa amekaa sakafuni, kanga mdomoni, ananitazama kama mtu asiyenifahamu.

Haikupita wiki akaja hapa nyumbani kwa miguu. Mke wangu akamtandikia mkeka, akamletea uji, mama akakataa. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. "Kaspari mwanangu, nimekuja kukuomba ulirudishe lile neno."

Nikamweleza. Nikamwambia neno si langu, ni la jaji, na jaji ni wa sheria, na sheria ni ya serikali. Nilieleza mpaka mate yakakauka. Akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Yule mzee mwenye joho jekundu alikuwa anajisemea tu mambo yake. Wewe ndiye uliyemtamkia Petro kifo. Nilikusikia kwa masikio yangu. Ulisema 'ninakuhukumu.'"

Kwetu mtu mzima hamtamkii kijana kifo. Hata ukikasirika vipi utameza. Likikutoka, yule kijana anatembea nalo, na hakuna mganga wala mzee mwingine wa kuliondoa isipokuwa kinywa kilekile kilicholitoa. Utachukua maji mdomoni, utampulizia kifuani, na utasema umelirudisha. Mama Petro hakuwa mjinga. Alikuwa anafuata kanuni anayoijua, na kwa kanuni hiyo mwenye kosa nilikuwa mimi.

Nilipata homa, na si homa ya mbu. Nikaenda parokiani. Tulikuwa na mapadri wawili. Mmoja Mzungu wa siku nyingi, tulimwita Padri Ndevu, aliyezika babu zetu na kujua majina ya ng'ombe zetu, ila Kinyaturu hakikumkaa mdomoni. Mwingine Padri Fidelisi, Mnyiramba, ametoka seminari juzi, viatu bado vinalia. Niliwakuta wanakula mlenda. Nikawauliza wote kwa pamoja: je, nimetenda dhambi?

Padri Ndevu akasema hapana. Serikali halali imepewa upanga na Mungu, ilinde wanyonge. Kanisa limefundisha hivyo tangu zamani, na hata yule mhalifu aliyesulubiwa pembeni ya Bwana alikiri kwamba anapata haki yake, na bado aliingia peponi. "Petro ameungama," akasema. "Roho yake iko salama. Mwili ni wa sheria."

Padri Fidelisi akasukuma sahani. "Padri, Kaini alimuua ndugu yake kabisa, na Mungu akamwekea alama asije mtu akamuua. Amri ya tano tunawakaririsha watoto. Mbona hatujawaambia kwamba ina mlango wa nyuma?"

"Si mlango wa nyuma. Ni mlango wa mbele, umeandikwa katika katekisimu."

"Basi tuusome tena huo mlango. Mtu aliyefungwa pingu anamtisha nani?"

Wakabishana mpaka mlenda ukaganda. Mimi nimesimama na kofia mkononi, nasahau hata swali langu. Nilichoona ni kwamba yule mzee alikuwa anatetemeka midomo. Yeye ndiye aliyembatiza Petro.

Jumapili baada ya misa Padri Fidelisi akawaita waumini darasani, tukubaliane barua ya kumwomba Rais amsamehe Petro kamba, maana hukumu ya kifo haitekelezwi bila yeye. Watu walijaa mpaka madirishani. Katekista akasema tuombe huruma. Mwingine akasema ukimwachia muuaji, kesho kila mwenye jirani atachonga mpini. Wakagongana kwa mistari ya Biblia kama watoto wanaorushiana mawe. Kisha akasimama Mzee Mughwai, baba yake marehemu Daudi.

Akasema, "Nyinyi mna mapadri wawili na Mungu mmoja, na bado hamjaelewana. Mimi swali langu ni dogo. Zamani mtu wako akiuawa, ukoo wa muuaji unaleta ng'ombe, yatima wananyweshwa maziwa, na damu inalala. Serikali imesema hapana, hiyo ni ya kishenzi, tutamnyonga. Haya. Akinyongwa, wajukuu zangu watakunywa kamba? Na asiponyongwa, mnanipa nini? Mnamwombea Petro huruma. Daudi wangu mlimwombea lini?"

Padri Ndevu akainamisha kichwa. Barua iliandikwa, wengi wakatia dole gumba. Mzee Mughwai akavaa kofia yake akaondoka. Padri Ndevu naye hakutia sahihi. Alisema hawezi kuandika kwamba sheria ni dhambi wakati haamini hivyo, ila atafunga kula kwa ajili ya Petro, na akafunga kweli, akakonda kanzu ikawa inamning'inia.

Mama Petro habari za barua hazikumwingia. "Barua ni za kwao," aliniambia. "Wewe lako umelifikiria?"

Nikarudi kwa Padri Ndevu. Akaniambia kwa ukali, "Kaspari, usifanye. Ukipuliza hayo maji huyo mama ataamini mwanawe amepona. Na siku wakimnyonga utamwambia nini?" Padri Fidelisi yeye akasema, "Maji ni maji. Kama yatampunguzia mama machozi, wewe pulizia." Mimi nikamsikiliza mke wangu, ambaye hakuwahi kusoma katekisimu hata ukurasa. Akasema, "Umetamka kifo kwa kazi ya serikali. Uzima utashindwa kuutamka kwa bure?"

Tukaenda, mimi na mama, kwa basi mpaka Manyoni, tukalala kwa Mzee Saidi, kisha treni mpaka Dodoma kwenye gereza walikowekwa watu wa kamba. Mama alibeba kibuyu kidogo cha maji ya kisima cha kwao. Askari magereza alikinusa, akaonja, akakunja uso, akaturuhusu. Halafu akatoa amri: "Hapa ni Kiswahili tu. Nataka nisikie kila neno." Mama hakijui. Mnaona? Hata pale nikawa kazini.

Petro aliletwa nyuma ya wavu. Alikuwa amenenepa kidogo, jambo lililoniuma kuliko kama angekonda.

"Mwanangu, unakula?" mama akauliza. Nikamgeukia askari nikasema, "Mwanangu, unakula?"

"Nakula, mama. Mtoto ameanza kutembea?" Nikasema, "Nakula, mama. Mtoto ameanza kutembea?"

"Ametembea. Ameniangushia chungu." Nikasema, "Ametembea. Ameniangushia chungu." Yule askari akageuza uso pembeni.

Kisha mama akanipa kibuyu. Nikajaza kinywa. Nikasogea kwenye wavu nikampulizia Petro kifuani, maji yakamlowesha shati, na nikasema kwa Kinyaturu, "Kifo nilichokutamkia, nimekirudisha. Ishi."

"Umesema nini?" askari akafoka.

Nikamwambia kwa Kiswahili, "Kifo nilichokutamkia, nimekirudisha. Ishi." Alikuwa na haki ya kututoa pale pale. Akasema tu, "Malizieni."

Petro alijua sheria kuliko mama yake. Gerezani wanafundishana. Akafuta maji kifuani, akanisogelea, na akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo mama hakuisikia, "Asante, kaka. Najua wataninyonga. Mwache mama na hili."

"Amesema nini?" mama akanishika mkono. "Kaspari, amesema nini?"

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa sijawahi kupunguza neno la mtu. Nikasema, "Amesema asante."

Mama alicheka njiani kote. Kwenye treni aliwagawia watu wasiomjua viazi vyake. Mimi nilikaa dirishani natazama vichaka vya Ugogo.

Msamaha haukuja. Petro akanyongwa, akazikwa hukohuko gerezani, kwao hawakuletewa hata shati. Habari zilifika parokiani, na Padri Ndevu akaniita twende Sepuka kumwambia mama. Nilimwambia ombi la Petro. Akasema, "Siwezi kumwacha mama anamsubiri maiti. Nitasema mimi. Wewe utatafsiri tu." Tu! Naye alisema hivyo.

Tulimkuta anapepeta uwele. Padri akapiga magoti pale mavumbini, mzee yule na magoti yake mabovu, akasema kwa Kiswahili, "Mama, Petro amenyongwa. Amekufa." Nikafumba macho nikasema kwa Kinyaturu, "Mama, Petro amenyongwa. Amekufa." Neno lilelile, kinywa kilekile, kwa mtu yuleyule.

Mama Petro akaweka ungo chini. Akanitazama mimi, kisha akamtazama padri kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Akasema, "Mwambie padri wamemdanganya. Wazungu mambo ya kwetu hawayajui. Wewe ulilirudisha, nikiwepo. Mwambie anyanyuke, ataumia magoti."

Nikamtafsiria padri. Hakunyanyuka. Alilia pale pale, na mama akaenda kumletea maji ya kunywa.

Padri Fidelisi alitaka kusoma misa ya wafu, mama akaikataa katakata, eti huwezi kumwombea mtu aliye hai kama marehemu, ni uchuro. Basi kila mwaka, siku ya marehemu wote, majina yalipokuwa yakisomwa, la Petro halikusomwa. Lilisomwa siku nyingine, kati ya wasafiri na wagonjwa. Aliyekuwa analisoma ni Padri Ndevu. Kuhusu upanga wa serikali sikumsikia tena akisema lolote, wala kuukubali wala kuukana, na sikuthubutu kumuuliza.

Mnaniuliza mimi naonaje? Waulizeni wenye elimu. Bado wanabishana, nasikia hata Roma. Mimi ninachojua ni kwamba jaji alipanda gari akaenda zake, wakili akaenda zake, Rais hakuwahi kumwona Petro. Aliyebaki Singida na lile neno ni mimi.

Mama Petro aliishi miaka mingi. Kila mavuno alikuja hapa na kikapu cha uwele mpya, wa kwanza kabisa, kabla hata hajaonja yeye. Alikuwa anaketi kwenye mkeka uleule, ananisalimu, na kila mara anasema maneno yaleyale: "Nimekuletea wewe uliyemrudishia mwanangu uhai. Akija nitamleta akushukuru mwenyewe." Nilikuwa napokea kwa mikono miwili. Mke wangu anausaga, anausonga, nasi tunaula wote pamoja naye, mpaka chungu kinakwisha.

Sasa wewe wa suruali ya kubana, njoo uniambie tena kwamba ni kusema tu.